Vimeng'enya Vitatu, Chupa Moja

Laktosi ni sukari ya maziwa: glukosi moja na galaktosi moja zilizoshikana. Ukiichora karatasini utaona vikundi vinane vya haidroksili vimechomoza pande zote, vyote vikifanana. Kazi tunayoitazama hapa ni kufunga sukari ya tatu, asidi ya sialiki, kwenye kimoja tu kati ya hivyo vinane: kile kilicho kwenye kaboni namba 3 ya galaktosi. Tena ifungwe ikiwa imeelekea upande mmoja tu, ule ambao wanakemia huuita alfa. Kinachopatikana ni 3′-sialilaktosi. Imo katika maziwa ya mama, na dang'a la ng'ombe linayo kwa wingi kuliko maziwa yake ya baadaye.

Kwa nini mtu ahangaike na kaboni namba 3? Uliza virusi vya mafua. Vile vya ndege hupendelea kushika asidi ya sialiki iliyofungwa kwenye kaboni namba 3 ya galaktosi. Vile vilivyozoea koo za binadamu hupendelea iliyofungwa kwenye kaboni namba 6. Sukari ni zilezile, tofauti ni mahali pa fundo. Mtafiti anayepima kama kirusi cha ndege kimeanza kugeukia watu anahitaji sukari zote mbili, kila moja katika kichupa chake, safi, bila chembe ya mwenzake.

Njia ya kikemia tupu ipo, na wanaoifuata ni mafundi wa kuheshimiwa. Huvifunika kwa muda vikundi vya haidroksili visivyohusika, huacha wazi kinachotakiwa, hufunga sukari, kisha huvua vifuniko bila kuvunja walichojenga. Lakini asidi ya sialiki ni korofi kuliko sukari nyingi. Ina kaboni tisa. Kaboni inayopaswa kufungwa, namba 2, tayari imebeba kikundi cha asidi kinachobana njia. Jirani yake, namba 3, haina oksijeni ambayo mwanakemia angeitumia kuelekeza fundo. Badala ya kufungwa, molekuli mara nyingi hupoteza hidrojeni na kuharibika. Hata ikikubali, unaweza kubaki na alfa na beta zimechanganyika, na kuzitenganisha ni kazi nyingine nzima.

Kimeng'enya hakihitaji vifuniko. Ndani yake mna pango dogo lenye umbo lake, na laktosi ikiingia humo hukaa namna moja tu, kikundi kile kimoja kikielekea mahali pa kazi na saba vingine vikiwa pembeni. Emil Fischer alilisema hilo mwaka 1894 kwa mfano wa kufuli na ufunguo, wakati hakuna aliyekuwa amewahi kuona umbo la kimeng'enya chochote. Lililobaki bila jibu kwa zaidi ya nusu karne ni hili: nguvu ya kufunga inatoka wapi? Sukari mbili zikiwekwa tu majini hazishikani kwa hiari. Jibu lilitoka Buenos Aires, kwa Luis Leloir na wenzake, walioonyesha kwamba seli kwanza huifunga sukari kwenye nukliotidi, na ni nukliotidi hiyo inayoachia nafasi wakati wa kufunga. Walifanya kazi katika maabara ya hali duni. Inasimuliwa kwamba mashine yao ya sentrifuji waliipoza kwa mpira wa gurudumu uliojazwa barafu. Mwaka 1970 Leloir alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kwa asidi ya sialiki, nukliotidi hiyo ni CMP. Basi kazi ina hatua tatu: kutengeneza asidi ya sialiki, kuivika CMP, kuifunga kwenye laktosi. Na kila hatua ina kimeng'enya chake.

Cha kwanza ni aldolesi, kutoka kwa Escherichia coli. Cha pili ni sinthetesi, kutoka kwa Neisseria meningitidis, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Cha tatu, mfungaji mwenyewe, ni sialiltransferesi iitwayo PmST1, kutoka kwa Pasteurella multocida, ambaye wafugaji wanamjua kwa kipindupindu cha kuku. Orodha hii inashangaza mpaka ukumbuke kwamba seli zetu zimefunikwa na asidi ya sialiki, na kwamba baadhi ya bakteria hujivika sukari hiyohiyo ili kinga ya mwili iwadhanie wenyeji. Wamekuwa na sababu nzuri ya kuwa hodari katika ufundi huu. Xi Chen na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Davis, waliieleza PmST1 mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakachapisha hatua kwa hatua namna ya kuviweka vimeng'enya vyote vitatu katika chupa moja. Utaratibu huo, pamoja na marekebisho ya kila maabara, ndio tunaoufuata.

Kabla ya kutengeneza sukari, hutengenezwa watengenezaji. Jeni la kila kimeng'enya hupandikizwa ndani ya aina tulivu ya E. coli wa maabara, asiye na ugonjwa wa kumpa mtu. Fundi huwaotesha bakteria hao katika mchuzi wenye chumvi, hamira na protini iliyomeng'enywa, pamoja na ampisilini ili asiyebeba jeni asiendelee. Chupa hutikiswa bila kukoma kwenye nyuzi 37. Mchuzi unaoanza ukiwa angavu kama chai ya rangi huwa mzito, na fundi huchota kidogo kila baada ya muda kupima ukungu wake kwa mwanga wa nanomita 600. Kipimo kikikaribia 0.8, huongeza chembe ya kemikali iitwayo IPTG, inayowaamuru bakteria waanze kutengeneza kimeng'enya. Kisha hushusha joto hadi nyuzi 20 au karibu na hapo, na kuacha mpaka asubuhi.

Kwa nini kushusha? Bakteria wakiwa na joto huzalisha haraka, na protini inayozalishwa haraka mno huweza kukosa kujikunja vizuri. Hujirundika ndani ya seli kama uchafu usiofaa kitu. Kwenye ubaridi kazi huenda polepole, na mnyororo wa asidi za amino hupata nafasi ya kujikunja na kupata pango lake. Usiku ule mzima fundi hana la kufanya, na kutofanya huko ni sehemu ya kazi.

Asubuhi huzungusha mchuzi kwenye sentrifuji, humwaga maji, hubaki na kibonge cha bakteria rangi ya krimu. Hukivuruga kwenye bafa baridi na kuzipasua seli kwa mawimbi ya sauti: sekunde chache za kupiga, kisha kungoja, chombo kikiwa kimezama kwenye barafu muda wote, maana mawimbi hupasha joto na joto huua alichokesha akikingoja. Hurudisha kwenye sentrifuji, safari hii kwa kasi kubwa. Maganda ya seli hukaa chini, na kimeng'enya hubaki juu katika maji ya manjano hafifu, kikiwa kimechangamana na maelfu ya protini nyingine.

Kukitoa humo ni hatua ninayoipenda. Jeni lilipopandikizwa liliongezewa mkia: histidini sita mfululizo mwishoni mwa protini. Histidini hushika nikeli. Fundi hupitisha maji yale taratibu kwenye mrija uliojaa chembechembe za samawati-kijani zilizobeba nikeli. Protini nyingine hupita, yenye mkia hunasa. Huosha mara kadhaa kwa bafa yenye imidazoli kidogo, ili zile zilizoshika kwa bahati tu ziachie. Mwisho hupitisha imidazoli nyingi, ambayo nayo hushika nikeli, na kimeng'enya husukumwa nje, tone baada ya tone, ndani ya vichupa vilivyopangwa kwenye barafu. Hurudia yote haya kwa vimeng'enya vyote vitatu. Mwanafunzi mgeni huona hili ni maandalizi tu. Kwa macho yangu, nusu ya ubora wa sukari huamuliwa hapa, kwa sababu protini chafu inaweza kuingia na vimeng'enya vya bakteria ambavyo hakuna aliyevialika, vinavyokata laktosi au kuharibu nukliotidi.

Sasa chupa. Tuseme fundi anaanza na miligramu 100 za laktosi isiyo na maji. Kila molekuli ikipata mwenzake, atavuna takribani miligramu 185 za 3′-sialilaktosi. Hesabu hiyo huiandika daftarini kabla ya kugusa pipeti, ili mwisho ajue amepoteza nini. Huweka maji na bafa ya Tris yenye pH 8.5. Huongeza chumvi ya magnesiamu, kwa sababu kimeng'enya cha pili hakifanyi kazi bila hiyo. Huongeza laktosi, kisha N-asetilimanosamini, sukari ya kaboni sita ambayo aldolesi itaiunganisha na piruveti yenye kaboni tatu kupata ile ya kaboni tisa. Piruveti huwekwa nyingi, mara tano au zaidi ya kinachohitajika. Si ubadhirifu. Katika maisha yake ya kawaida aldolesi hii haijengi; huvunja asidi ya sialiki ili bakteria aile. Mmenyuko wake huenda mbele na nyuma, na wingi wa piruveti ndio unaousukuma uende mbele. Mfanyakazi wa kwanza, basi, ni mbomoaji anayefanya kazi ya ujenzi kwa sababu amezungukwa na tofali tupu.

Mwisho huingia CTP, malighafi ya nukliotidi na kitu cha bei kuliko vyote mezani. CTP ya dukani ina uasidi, na mara inapoyeyuka pH huanguka. Fundi asiyejua hili huweka vimeng'enya papo hapo na kujiuliza kesho yake kwa nini havikufanya kitu. Anayejua hudondosha sodiamu haidroksaidi tone kwa tone, huku akikoroga, mpaka kipimo kirudi juu. Ndipo anapoingiza vimeng'enya, vyote vitatu, akiegemeza ncha ya pipeti kwenye ukuta wa chupa ili pasitoke povu, kwa kuwa povu hukunjua protini. Chupa huenda kwenye mashine ya kutikisa, nyuzi 37, mwendo wa pole.

Kuweka vyote pamoja badala ya kimoja kimoja kuna faida isiyo ya urahisi tu. Asidi ya sialiki iliyovikwa CMP haidumu. Ikiachwa majini huvunjika yenyewe, na uasidi huharakisha kuvunjika huko. Katika chupa moja haipati muda wa kuvunjika. Kimeng'enya cha pili kikiiachia, cha tatu kinaichukua. Na kwa kuwa cha tatu kinaichukua, cha pili kinaendelea kuvuta asidi ya sialiki, na cha kwanza nacho kinalazimika kuendelea kujenga. Ukiangalia, maji huanza kuwa na weupe: pirofosfati inayotoka katika hatua ya pili hukutana na magnesiamu na kuganda. Ni uchafu, lakini uchafu wa habari njema, maana hautokei kama hatua ya pili imelala.

Kila mara hatua ya pili inapofanya kazi, asidi kidogo huzaliwa. pH huteremka. Fundi hurudi kila baada ya muda, huchukua tone, huligusisha kwenye karatasi ya pH, hulinganisha rangi, huongeza tone la sodiamu haidroksaidi. Anafanya hivyo kwa makini kuliko jambo lingine lolote, na sababu ni tabia ya kimeng'enya cha tatu. PmST1 kwenye pH kati ya 7.5 na 9 ni mfungaji bora kabisa. Kwenye pH 5 hadi 5.5 hugeuka na kuwa mkataji: hukamata 3′-sialilaktosi aliyoitengeneza mwenyewe na kuitenganisha. Pango ni lilelile, mikono ni ileile. Hata kwenye pH nzuri, ukikiacha mno baada ya malighafi kuisha, kimeng'enya kisicho na la kufunga huanza kukata taratibu. Chen na wenzake walikuja kubadilisha asidi mbili za amino, ile ya nafasi ya 271 na ile ya nafasi ya 313, na ukataji ukapungua kwa maelfu ya mara. Hiyo ni njia moja ya kutatua tatizo. Ya pili, ambayo haihitaji kugusa jeni, ni kuwa na saa na macho.

Macho hayo ni bamba jembamba la silika, refu kama kidole. Kwa penseli fundi huchora mstari karibu na chini, na juu yake hutua madoa matatu kwa mrija mwembamba kama unywele: laktosi tupu, sampuli ya 3′-sialilaktosi ya zamani, na tone kutoka chupani. Hulisimamisha kwenye bilauri yenye ethili asetati, methanoli, maji na asidi asetiki kidogo, na kuifunika. Kimiminika hupanda bamba polepole. Sukari zisizo na chaji hupanda nacho mbali zaidi; ile iliyobeba asidi hubaki chini. Baadaye hulichovya bamba kwenye dawa ya anisaldehaidi, hulikausha, huliweka juu ya moto, na madoa yasiyoonekana hujitokeza.

Bamba la saa ya kwanza huonyesha doa zito la laktosi na kivuli tu chini yake. Bamba linalofuata huonyesha kivuli kimekolea. Fundi huyapanga mezani kwa kufuatana, na kuyasoma kwa pamoja, kwa sababu bamba moja pekee halisemi mwelekeo. Anatafuta wakati ambapo doa la laktosi limekoma kupungua na la chini limekoma kukua. Hapo si pa kusubiri laktosi yote iishe. Anayesubiri doa la mwisho lifutike ataona bamba linalofuata likirudi nyuma: la chini limefifia, laktosi imekolea tena. Kama mpishi wa halua anayejua kuitoa jikoni, fundi huamua kwa dalili ndogo, tena kabla mgeni hajaiona.

Akishaamua, hachelewi. Humimina ethanoli baridi kutoka kwenye friji, kiasi sawa na kilichomo chupani, na kuiweka yote kwenye barafu. Vimeng'enya hukunjuka, huganda, na kuanguka pamoja na ule weupe wa magnesiamu. Dakika 30 kwenye ubaridi, kisha sentrifuji, na vyote vitatu, vilivyogharimu siku kadhaa, huwa tope jeupe linalotupwa. Fundi haangalii nyuma. Kilicho cha thamani sasa ni maji ya juu.

Maji hayo bado ni msongamano: sukari inayotakiwa, laktosi iliyobaki, piruveti ya ziada, asidi ya sialiki isiyofungwa, mabaki ya nukliotidi, chumvi. Huyapunguza kwa ombwe mpaka yabaki mililita chache, kisha huyapitisha kwenye mrija mrefu wa kioo uliojazwa jeli yenye vinyweleo. Molekuli ndogo huingia vinyweleoni na kuchelewa. Kubwa hazipati pa kuingia, hivyo hutangulia. Hakuna kinachosukumwa zaidi ya maji kushuka kwa uzito wake. Fundi aliyeujaza mrija huo vizuri, bila kapovu ka hewa wala ufa, huukagua kila wiki na hamruhusu mtu mwingine auguse, na katika hili namuunga mkono kabisa. Vichupa hupangwa kwa namba kuyapokea matone, na kila kimoja hutolewa doa kwenye bamba. Vile vyenye doa moja tu la mahali sahihi huunganishwa. Vile vya katikati, vyenye doa zuri na kivuli cha nukliotidi, huwekwa kando vipitishwe tena. Kuna wanaovichanganya na vile safi ili uzito wa mwisho upande. Fundi ninayemsifu hapa huviweka kando.

Kilichobaki hugandishwa na kukaushwa kwa ombwe. Maji hutoka moja kwa moja kutoka barafu kuwa mvuke, na kinachosalia ni unga mweupe, mwepesi, unaorukaruka ukifungua kichupa kwa pupa. Hupimwa, na uzito huandikwa chini ya ile hesabu ya miligramu 185.

Kuwa na unga mweupe si kuwa na 3′-sialilaktosi. Mashine ya kupima uzito wa molekuli huonyesha ioni hasi kwenye 632, yaani 633 kasoro protoni moja, na hilo linathibitisha kwamba sukari tatu zimeshikana. Lakini dada yake aliyefungwa kwenye kaboni namba 6 ana uzito uleule. Kinachowatofautisha ni NMR, inayosikiliza viini vya hidrojeni ndani ya sumaku kubwa. Hidrojeni mbili za kaboni namba 3 ya asidi ya sialiki husikika mahali patupu, mbali na kelele za sukari nyingine: kwa fundo la namba 3, karibu na 2.76 na 1.80, kwa fundo la namba 6, karibu na 2.71 na 1.74. Fundi hukuza picha kwenye kona hizo mbili, na hutafuta kwanza kile ambacho hatamani kukiona, kilima kidogo kwenye 1.74. Ukimya pale ndio cheti chake.

Mtafiti wa mafua, hata hivyo, aliomba zote mbili. Kwa hiyo kazi inaanza upya, na karibu kila kitu kinabaki kilivyo: laktosi, piruveti nyingi, CTP na uasidi wake, kimeng'enya cha kwanza na cha pili. Kinachobadilika ni cha tatu. Safari hii fundi huchukua sialiltransferesi ya Photobacterium damselae, bakteria wa baharini anayeshambulia samaki, ambayo hufunga kwenye kaboni namba 6. Nayo imeonekana kuwa na tabia ya kukata ilichofunga. Fundi huchora mstari wa penseli kwenye bamba jipya, na mahali pa sampuli ya zamani hutua mbili, namba 3 upande huu na namba 6 upande ule.